Pointi Kumi kwa Jenereta

Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote sikumbuki hata siku moja nikimwambia mtoto, "Samahani, nimekosea mimi." Si kwamba sikukosea. Nilikosea sana tu, lakini nilijua kufuta ubao haraka. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anasafiri na mtu wa aina gani, asije akaanza kunihurumia katikati ya njia.

Nilipostaafu nilibaki katika nyumba yangu hapa Bondeni, mjini Nakuru, na kimya kikanishinda. Shuleni nilikuwa mwalimu wa kwaya. Kila mwaka nilipeleka watoto kwenye tamasha la muziki, nikasimama kando ya jukwaa nikihesabu vidole mpaka jaji asome matokeo. Sasa nilikuwa na sufuria mbili, redio, na simu niliyonunuliwa na walimu wenzangu siku ya kuniaga. Mchana mmoja nikitafuta nyimbo za kwaya kwenye ile simu, nikaangukia shindano la nyimbo la televisheni la huko Ulaya. Kila nchi na wimbo wake, moshi huku, moto kule, mavazi ambayo hata sijui fundi alipimaje. Lakini nilipowaona waimbaji wameketi wakingoja kura zisomwe, wameshikana mikono, nikajikuta nahesabu vidole vilevile. Nikasema, kumbe hili ni tamasha langu, limeongezewa taa tu.

Mimi sipendi kitu nusu nusu. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nimejua kwamba shindano hilo lina vilabu vya mashabiki katika nchi nyingi, hata nchi ambazo hazishiriki, na kwamba vilabu hivyo vina muungano wao wa kimataifa. Kila mwaka, wiki chache kabla ya shindano lenyewe, vilabu hupiga kura yao, na wimbo unaoshinda hupewa ngao. Mashabiki wa nchi zisizo na klabu hutiwa wote katika kapu moja linaloitwa Nchi Nyinginezo. Neno hilo lilinichoma. Nyinginezo ndiyo nini? Ni sawa na kuandika watoto thelathini kwenye daftari la mahudhurio, halafu chini yao uandike "na wengine". Nikaapa kwamba Kenya itasomwa kwa jina lake, na nikawaandikia.

Jibu lilitoka kwa katibu wa muungano, mama mmoja mwenye maneno machache. Masharti yake yalikuwa wazi. Tupate wanachama wasiopungua ishirini na watano, mwenyekiti na katibu. Tukae mwaka mmoja wa majaribio, na katika mwaka huo tupige kura moja bila dosari. Klabu ya majaribio ikituma kura yenye kasoro, inarudi kwenye kapu na kungoja miaka miwili kabla ya kuomba tena. Niliisoma barua hiyo mara tatu. Kura moja bila dosari, nikajiambia, mimi niliyesahihisha mitihani ya wilaya nzima.

Wanachama niliwatafuta kwa miguu. Wa kwanza alikuwa mzee jirani yangu, mstaafu wa machimbo ya udongo mweupe kule Kariandusi, mtu mpole anayevaa kofia hata ndani ya nyumba. Nilimwonyesha nyimbo mbili tatu, akatikisa kichwa, mpaka akasikia moja yenye kinanda cha kuvuta. "Hiki ni cha mwomboko," akasema, akimaanisha dansi ya ujana wake, akainua miguu miwili mitatu palepale mlangoni. Huyo tukamfanya mwenyekiti, nami nikawa katibu. Kinyozi wa barabara ya pili akaja kwa sababu ya mavazi. Wanafunzi wawili wa chuo kule Njoro wakaja kwa sababu walilijua shindano kuliko mimi. Kina mama wa kwaya ya kanisa wakaja kwa sababu niliwaambia waje.

Lakini nusu ya wanachama waliletwa na mtu mmoja, na huyo lazima nimweleze vizuri. Ni mama wa watoto watatu anayeuza mitumba sokoni, na zamani alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la sita. Wateja wake wote anawajua kwa majina na kwa saizi ya viatu. Mimi nilimjua kwa namba. Siku ya kufunga shule nilisoma matokeo mbele ya wazazi kuanzia namba moja kwenda chini, na huyu alikuwa namba thelathini na saba kati ya arobaini na mmoja. Miaka imepita, ana biashara yake, ana nyumba yake, na bado kila nikimwona namba hiyo ilikuwa inanijia kichwani kabla ya jina.

Tulikuwa ishirini na sita. Tulikutana Jumapili baada ya kanisa katika nyumba ya mwenyekiti, mlango wazi, viti vingine nje. Tuliendesha mambo kama chama chochote cha hapa kwetu: maombi ya kufungua, kumbukumbu za mkutano uliopita, waliotuma udhuru, chai. Halafu tunawasha televisheni ya mzee, kinyozi anaiunganisha na simu yake, na nyimbo zinaanza. Majina ya nyimbo hizo yalitushinda kutamka, kwa hivyo tuliyabandika yetu. Kulikuwa na wimbo wa Koti, wimbo wa Mvua, wimbo wa Mtu na Mbuzi, ingawa wanafunzi walisisitiza yule hakuwa mbuzi.

Mbili kati ya hizo ndizo za kukumbuka. Mmoja tuliuita Shangazi. Ulikuwa wa nchi ndogo yenye baridi, umeimbwa kwa lugha yao na mama mnene aliyesimama wima kama shangazi aliyekuja kwenye mazungumzo ya mahari na hataki mchezo. Nyuma yake kilikuwako kile kinanda cha mwomboko. Hatukuelewa neno hata moja, na kina mama wa kwaya walilia wote. Mwingine tuliuita Jenereta. Kijana mmoja wa nywele za kijani alisimama peke yake akapiga kelele, na chini ya kelele yake kulikuwa na mngurumo mmoja tu mwanzo hadi mwisho, kama ule wa madukani stima inapopotea mtaani.

Siku ya kura ilipofika, fomu ilikuja kwenye barua pepe yangu. Orodha ya nyimbo zote, na kando ya kila wimbo kisanduku kitupu. Tulitakiwa kuchagua nyimbo kumi na kuandika namba, moja mpaka kumi. Tulibishana saa nzima, kila mtu akasema lake, nami nikajumlisha. Shangazi aliongoza kwa mbali. Nafasi ya kumi ilibaki wazi, na mzee akasema kwa huruma yake, "Tumpe yule kijana wa Jenereta. Amejaribu. Na yuko peke yake." Tukacheka, tukakubali.

Nikaanza kujaza. Shangazi, moja. Mvua, mbili. Nikashuka hivyo mpaka Jenereta, kumi. Muuza mitumba alikuwa amekaa karibu nami, akasogeza kichwa akasoma maelezo ya juu ya fomu, yale maandishi madogo ya Kiingereza ambayo mimi nilikuwa nimeyaruka. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Mwalimu, hapa wamesema pointi. Hizi si namba, ni maksi. Kumi ndiyo ya juu."

Kwenye televisheni mshindi hupewa kumi na mbili, kila shabiki anajua hilo. Moja mpaka kumi, kichwani mwangu, ilikuwa nafasi, kama nilivyosoma nafasi maisha yangu yote. Ningeweza kurudi juu nikasoma mistari minne. Badala yake nilimtazama juu ya miwani na kusema, "Wewe na hesabu, tangu lini?"

Watu walicheka. Yeye pia alicheka kidogo, akarudisha kichwa chake mahali pake, akamimina chai. Nikabonyeza kutuma.

Wiki mbili baadaye, Jumapili, matokeo yalisomwa moja kwa moja kwenye mtandao. Saa kumi jioni tulikuwa tumejaa kwa mzee, na kina mama walikuwa wamevaa kitenge sare. Kila klabu ilipoitwa, mtangazaji alisoma pointi zake kuanzia za chini. Jenereta na Shangazi walikuwa wakifukuzana kileleni. Kisha akasema, "Kenya." Kwa jina lake. Sikuwahi kusikia neno hilo likiniingia hivyo, hata wakati wa wimbo wa taifa. Kinyozi alikuwa anarekodi.

"Pointi moja," mtangazaji akasema, na ikaonekana picha ya Shangazi.

Nyumba nzima, iliyokuwa ikingoja jina letu tu, ilipiga makofi. "Namba moja," mzee akasema, amefurahi kabisa. Mimi nilielewa papo hapo. Nilimtafuta muuza mitumba kwa macho. Alikuwa hapigi makofi. Alikuwa anatazama sakafu, na nikajua kwamba ananifichia aibu.

Mtangazaji akapanda, mbili, tatu, nne, na makofi yakaendelea kupungua kadiri watu walivyoanza kuelewa. Alipofika juu alivuta pumzi akasema pointi kumi za Kenya zinakwenda kwa Jenereta. Wale wanafunzi wa Njoro walishika vichwa. Mwisho wa yote Jenereta alishinda kura ya vilabu kwa tofauti ya pointi saba, na Shangazi akawa wa pili. Hesabu hiyo niliifanya palepale, kichwani, na sikuhitaji ubao. Tungejaza sawasawa, Shangazi angeshinda. Ngao yake tuliichukua sisi tukampa mwingine. Niliichukua mimi.

Sasa hapa ndipo mambo yaliponoga, kwa ubaya. Yule kijana wa nywele za kijani alituma video. Alisema klabu nyingi ziliogopa kumpa kumi, ila kuna mji mmoja huko Kenya uliomwelewa, akajaribu kutamka Nakuru, ikatoka kama jina la dawa. Macho yake yalikuwa na machozi. Mashabiki wa nchi za mbali wakaanza kutuandikia: mna ujasiri, mna masikio ya kipekee. Katibu wa muungano mwenyewe, yule wa maneno machache, akaandika kwamba kura yetu imepokelewa na kwamba majaribio yetu yanaelekea kuisha vizuri. Kinyozi aliiweka ile video kwenye stetas ya simu yake siku nne mfululizo.

Wiki nzima nilijitia hamnazo. Nilijiambia ngao ni chuma tu. Nilijiambia Shangazi ana ngao nyingine nyumbani kwake. Nilikuwa nafua nguo naongea peke yangu, nikijitetea kwa mtu ambaye hakuwepo. Klabu niliitaka kuliko kitu chochote nilichotaka tangu nistaafu, na nilijua kasoro moja tu ingeturudisha kapuni. Lakini kila nilipolala mchana, nilisikia lile swali langu, tangu lini, na ule mcheko wa watu.

Ijumaa nikapiga moyo konde, nikaenda sokoni. Nilimkuta akipanga suruali za watoto kwa saizi. "Mwalimu, karibu," akasema, akanifutia kiti. Nilijifanya natafuta sweta. Niligeuza sweta sita.

"Uliona," nikamwambia mwishowe.

"Niliona, mwalimu."

"Mbona hukunikazania?"

Alikunja suruali moja, akaiweka juu ya nyingine. "Wewe ulisema tangu lini. Nikaona basi, labda ni mimi sijaelewa. Mimi nikiambiwa hivyo huwa naamini." Halafu akaongeza, bila hasira hata kidogo, "Si ni wewe ulinifunza."

Nilirudi nyumbani kwa miguu na sikumbuki njia. Hasira niliyokuwa nayo ningeweza kupasua kuni. Mwanzoni nilidhani nimemkasirikia yeye, maana ndivyo nilivyozoea. Nilipofika mlangoni nilijua vizuri nimemkasirikia nani.

Jumapili iliyofuata nilisimama kabla hata ya maombi. Nikawaambia yote: fomu ilisema nini, mimi nilijaza nini, nani aliniambia, na nilimjibu nini. Nikasema nataka kuwaandikia muungano.

"Mwalimu, hiyo maneno wacha ilale," mzee akasema. "Kijana ameshukuru. Tutamnyang'anya?"

"Na huyu mama mwingine tumemnyang'anya tayari," nikamjibu.

Kinyozi akasema, "Mwalimu, hakuna mtu ameuliza. Tuko ndani, majaribio imebaki kidogo tu. Unataka kutumwaga kapuni juu ya maksi?" Kina mama walimuunga mkono, na sikuwalaumu, maana walikuwa wameshona sare. Mmoja wao aliniambia waziwazi kwamba nataka kujisafisha kwa sabuni ya wengine. Neno hilo lilinikata, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake.

"Nitaandika," nikasema. "Mkikubali nitaandika kama klabu, mkikataa nitaandika kama mimi. Lakini nitaandika." Nilimwuliza muuza mitumba maoni yake mbele ya watu wote, na hilo lilikuwa jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Akasema, "Andika tu ukweli, mwalimu. Hata hiyo video inanikalia vibaya. Anashukuru watu ambao hawakumchagua."

Niliandika jioni hiyohiyo kabla jua halijazama, mezani kwa mzee, ili nisipate nafasi ya kujigeuza. Sikuandika kwamba fomu haikueleweka. Niliandika kwamba ilieleweka, kwamba mwanachama mmoja aliielewa na akanionya, nami nikamdharau mbele ya wenzake kwa sababu nilimfundisha utotoni na nilidhani namjua. Nikawapa orodha sahihi. Nikamsomea yeye kwanza kabla ya kutuma. Akanirekebisha mahali pamoja, niliandika Koti ni wa tano na ulikuwa wa nne, na alikuwa sahihi.

Jibu lilichukua majuma matatu. Matokeo yalisahihishwa na ngao ikaenda kwa Shangazi. Yule kijana alifuta video yake, na hiyo iliniuma, nami nilimwandikia peke yake nikamwambia kwamba tulimweka katika kumi bora kwa sababu mzee mmoja alimwona yuko peke yake. Hakujibu. Sisi tukatolewa kwenye majaribio. Miaka miwili katika Nchi Nyinginezo, ndipo tuombe tena. Katibu wa muungano alimalizia kwa sentensi moja, kwamba katika kazi yake yote hajawahi kupokea barua kama ile, na hakusema kama ni kwa wema au kwa ubaya.

Nilisoma barua hiyo mkutanoni bila kuruka neno. Wengine walikuwa wamekasirika na walikuwa na haki. Nikasema tusivunje klabu, miaka miwili si mingi, tuendelee kukutana, tujifunze fomu, tuombe tena siku ileile mlango utakapofunguliwa. Lakini katibu awe mwingine. Mzee akasema hapana, tupige kura, na kwa kuwa watu walikuwa wamechoka na mambo ya fomu, tukakubaliana kupiga mlolongo, kama zamani zile: wagombea wasimame mbele wakitazama ukuta, na kila mtu apange foleni nyuma ya mtu wake. Kinyozi akapendekeza muuza mitumba. Mzee, kwa heshima tu, akanipendekeza mimi.

Tukatoka nje uani, tukatazama ukuta, mimi na yeye, bega kwa bega. Nilisikia miguu ikitembea nyuma yetu, viti vikisukumwa, mtu akinong'ona. Nilitazama matofali. Nilitaka wanifuate, siwezi kudanganya. Hata baada ya hayo yote, nilitaka.

Nilipogeuka, nyuma yangu alikuwa mzee peke yake, ameshika kofia yake mkononi. Wengine wote walikuwa kwenye mstari wa pili, umepinda mpaka karibu na bomba la maji. Nilimshika mzee mkono, nikamwambia twende, tukaenda tukasimama mwisho kabisa wa mstari ule, yeye mbele yangu, mimi nyuma yake.

Katibu mpya akaja akihesabu kwa kugusa mabega. Alihesabu polepole, midomo ikicheza, vilevile. Alipomgusa mzee alisema ishirini na nne, na aliponigusa mimi akasema ishirini na tano. Tulikuwa ishirini na sita siku hiyo, niliwahesabu mwenyewe wakati wa maombi. Neno likanifika mdomoni. Nikalimeza.

Alisimama kidogo akitazama mstari wote kuanzia mbele. Kisha akasema, "Na mimi, ishirini na sita," akafungua daftari, akaandika.